Kutoka Duka la Dawa Baridi hadi Duka la Dawa Muhimu: Udhibiti wa Antibayotiki Tanzania tangu 2003

Ni rahisi kuianzisha historia ya mapambano dhidi ya usugu wa vimelea Afrika Mashariki mwaka 2015, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipopitisha mpango wake wa utekelezaji. Tanzania na Kenya ziliandaa mipango ya kitaifa ya 2017–2022, na Uganda ikafuata. Mwanzo huo ni sahihi kiofisi. Hata hivyo, kwa Tanzania, swali la nani auze antibayotiki lilikuwa limekwisha kujibiwa mkoani Ruvuma mwaka 2003, tena kwa sababu nyingine kabisa.

Hadi wakati huo, wakazi wengi wa vijijini walitegemea duka la dawa baridi. Jina lenyewe lilitaja mpaka wake wa kisheria: liliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari, kama zile za kutuliza maumivu. Mpaka huo haukuheshimiwa. Vidonge vya rangi mbili viliuzwa kwa kadiri mfuko wa mnunuzi ulivyoruhusu, viwili au vinne, na muuzaji mara nyingi hakuwa na mafunzo ya kutosha. Kuyafunga maduka hayo kungetimiza sheria na papo hapo kumnyima mgonjwa dawa, kwani famasia zenye wafamasia zilijazana mijini, hususan Dar es Salaam.

Mamlaka ya Chakula na Dawa, ikishirikiana na shirika la Management Sciences for Health, ilichagua njia nyingine. Duka la dawa baridi liligeuzwa kuwa Duka la Dawa Muhimu: jengo likakaguliwa, muuzaji akapewa mafunzo ya wiki kadhaa, na orodha fupi ya dawa za cheti, zikiwamo baadhi ya antibayotiki kama amoksilini, ikahalalishwa. Uamuzi huu haupaswi kusomwa kama ulegevu. Dawa inayouzwa kwa kificho haina daftari wala mkaguzi. Serikali iliihalalisha biashara hiyo ili ipate kuiona. Mpango ulienezwa katika mikoa mingine, na Uganda ikajaribu maduka ya mfano huo Kibaale.

Utata ulijitokeza baadaye, katika elimu kwa umma. Kila Novemba, tangu 2015, wiki ya uhamasishaji humhimiza mwananchi asitumie antibayotiki bila cheti. Mwananchi huyohuyo huiona amoksilini katika rafu ya duka lenye kibali, ambako kwa mazoea cheti hakiulizwi. Kampeni ya Holela-Holela Itakukosti ilikuwa na busara ya kuiacha lugha ya ofisini. Kifupisho UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa, hakimgusi mtu anayeumwa. Lakini mnunuzi wa vidonge vinne ana hesabu yake: dozi nzima ni ghali kuliko nusu dozi, na safari ya kituo cha afya ina nauli na foleni. Kuuita ununuzi huo holela ni kuiruka hesabu hiyo.

Isitoshe, wananchi hawakuwa wageni wa jambo lenyewe. Mwaka 2001 Tanzania iliiacha klorokwini kama tiba ya kwanza ya malaria, ikaingia SP, na miaka michache baadaye dawa mseto. Kimelea cha malaria si bakteria, na antibayotiki zina njia zake za kushindwa. Lakini mzazi aliyeziona dawa hizo zikipokezana alikwisha kujua kwamba dawa inaweza kupoteza nguvu. Kampeni ilikuwa na kumbukumbu hai ya kujengea.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliziainisha antibayotiki katika makundi matatu, na amoksilini ikawekwa katika kundi linalopaswa kupatikana kwa urahisi. Hivyo, kuwamo kwake katika orodha ya Ruvuma hakukupingana na sera iliyokuja baadaye. Uainishaji huo, hata hivyo, unahusu dawa. Haukuamua nani aiuze, wala nani alipie kidonge cha tano.