Damu ya Yambuku ilisomewa wapi?

Mara hii tunaandika historia tena, ila si ya vita wala ya wafalme. Ni historia ya damu: nani aliichukua, ilipelekwa wapi, na nani aliisoma.

Wale mliokuwa Uganda Septemba 2022 mnakumbuka. Tarehe 20 mwezi ule serikali ilitangaza Ebola kule Mubende, na kabla ya jioni sisi Wakongomani tulikuwa tumeshabadilishwa majina. Kwenye bomba la maji, sokoni, kwa watu wa boda, maneno yalikuwa yaleyale: "Nyinyi ndio mmeleta." Mama mmoja jirani yetu alitoka asubuhi na beseni la mandazi, akarudi mchana na beseni la mandazi. Hakuna aliyenunua hata moja. Sisi vijana tulinyamaza, juu hatukuwa na jibu.

Kumbe jibu lilikuwepo. Lilikuwa limeshatoka Entebbe, kwenye taasisi ya virusi ya Uganda, UVRI. Walipopima damu ya mgonjwa na kusoma vinasaba vya virusi, waliona ni aina inayoitwa Sudan. Milipuko yote inayojulikana ya aina hiyo imetokea Sudan na Uganda. Ebola za kwetu Kongo karibu zote ni aina inayoitwa Zaire, na moja, ile ya Isiro mwaka 2012, ilikuwa Bundibugyo. Yaani ugonjwa wa Mubende haukuvuka mpaka na mtu wa kwetu. Lakini habari hiyo ilitusaidia nini kwenye bomba la maji? Hakuna aliyekuja kuisema pale. Ndiyo maana tunaiandika leo, na ili ieleweke inabidi turudi nyuma miaka mingi.

Mwaka 1976, Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyokuwa inaitwa Zaire. Kulikuwa na hospitali ya misheni ya masista wa Ubelgiji. Watu walianza kufa kwa homa na kutokwa damu, wengi wao wakiwa wamepita hapohapo hospitali kuchomwa sindano, maana sindano zilikuwa chache na zilitumika kwa watu wengi. Daktari kijana wa Kongo, Jean-Jacques Muyembe, aliyesomea virusi Ubelgiji, alitumwa kutoka Kinshasa kwenda kuangalia. Alichukua damu za wagonjwa bila glavu, damu ikamchuruzika mikononi, akanawa kwa maji na sabuni. Alirudi Kinshasa na sista mmoja mgonjwa. Damu ya sista huyo ikawekwa ndani ya chupa ya chai, ile ya kutunza moto, pamoja na barafu, ikapandishwa ndege hadi Antwerp. Ilipofunguliwa, barafu ilikuwa imeyeyuka na mrija mmoja umevunjika. Aliyekuwa pale kuipokea, pamoja na wenzake, ni Peter Piot, naye kijana wa miaka 27.

Kutoka Antwerp sampuli zilienda Uingereza, kisha Atlanta, Marekani. Huko ndiko walikoona kwamba ni virusi vipya. Wakati huo Yambuku watu waliendelea kuzikana. Hesabu ya mwisho ilikuwa wagonjwa 318, na waliokufa 280.

Angalieni jambo la jina. Wale wataalamu waliogopa kuita ugonjwa "Yambuku", wasije wakakipaka kijiji doa la milele, wakachagua jina la mto Ebola. Wazo zuri. Lakini baadaye aina za virusi zilipewa majina ya nchi nzima: Zaire na Sudan! Kijiji kikaponyoka, taifa likanaswa. Majirani zetu wa Sudan Kusini, tunaoishi nao kambi moja, walilipata hilo 2022 kama sisi tulivyolipata kabla yao.

Sasa, hiyo "Sudan" ilitoka wapi? Mwaka uleule 1976, miezi michache kabla ya Yambuku, ugonjwa kama huo ulianza Nzara, kwenye kiwanda cha pamba, ambako leo ni Sudan Kusini. Waliugua watu 284, wakafa 151. Dalili zilifanana, wakati ulifanana, kwa hiyo wengi waliona ni moto mmoja uliosambaa kwa njia za misituni: mtu fulani ametoka huku, akaambukiza kule. Baadaye virusi vya pande zote mbili vilipolinganishwa vizuri, ilionekana ni aina mbili tofauti kabisa. Hakuna msafiri aliyekuwa amebeba ugonjwa huo toka upande mmoja kwenda mwingine. Ingekuwa leo, tungeshamtafuta na kumpata, halafu tungempiga.

Kulinganisha huko kunafanyikaje? Tueleze kwa mfano wa darasani, maana wengi wetu tulisoma hivyo. Kitabu ni kimoja, wanafunzi sabini. Mmoja ananakili kwenye daftari, mwingine ananakili kwake, wa tatu kwa wa pili. Ikiwa wa pili aliandika "Kinshaza" badala ya Kinshasa, wote walionakili kwake watakuwa na "Kinshaza". Mwalimu akikusanya madaftari anajua nani alinakili kwa nani bila kuuliza mtu. Virusi vya Ebola navyo vina maandishi, herufi karibu 19,000 za RNA, ambayo ni ndugu ya DNA. Kila vinapojinakili ndani ya mwili wa mtu, makosa madogo yanaingia. Maandishi hayo yote kwa pamoja ndiyo yanaitwa jenomu. Ukisoma jenomu za wagonjwa wengi na kuziweka kando kwa kando, makosa yanakuonyesha ukoo wa ugonjwa.

Mwaka 1976 hakuna aliyeweza kufanya hivyo kwa Ebola. Mwaka uliofuata, 1977, Mwingereza Frederick Sanger na wenzake walitoa jenomu nzima ya kirusi kidogo cha bakteria, herufi elfu tano na kitu, na mwaka huohuo wakatoa mbinu bora ya kusoma DNA iliyotumika duniani kwa miaka mingi. Kazi ilikuwa ya mikono na ya polepole mno. Jenomu ya Ebola ilikuja kusomwa yote miaka ya 1990. Na nakala iliyosomwa, ambayo mpaka leo wataalamu wanaiweka pembeni ya kila virusi vipya vya aina ya Zaire kulinganisha, inaitwa Mayinga. Ni jina la mtu. Mayinga N'Seka alikuwa muuguzi kijana wa hospitali ya Ngaliema, Kinshasa. Alimhudumia mgonjwa aliyetoka Yambuku, akaambukizwa, akafa 1976. Kwenye shule zetu hatukufundishwa jina lake hata mara moja. Mashine za Boston na Berlin zinalijua.

Kikwit, 1995, tutapita haraka, ingawa Muyembe alikuwepo tena na sampuli zilienda Marekani tena. Kumbukeni tu kwamba kuna mtu mmoja aliyepona pale. Miaka kumi na moja baadaye damu yake ilichukuliwa, na ndani yake zikapatikana kinga zilizotengenezewa dawa iitwayo mAb114. Tutairudia.

Halafu 2014, Afrika Magharibi. Kule Kenema, Sierra Leone, damu za wagonjwa 78 zilitoa jenomu 99, zikasomwa Marekani, na matokeo yakawekwa wazi kwa dunia nzima. Yalionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa unapita toka mtu hadi mtu, siyo kwamba kila mara unatoka porini. Watu watano walioandikwa kwenye kazi hiyo walikufa kwa Ebola kabla haijachapishwa, akiwemo daktari Sheik Humarr Khan. Mwaka uliofuata, Guinea, ilionekana mashine ya kusomea jenomu inayoshikika kiganjani. Maabara nzima iliingia ndani ya masanduku ya safari.

Sasa tufike nyumbani. Wengine wetu tulikuwa Beni, wengine Butembo, na mmoja Mangina penyewe.

Tarehe 24 Julai 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola ya Équateur, magharibi kabisa, imekwisha. Tarehe 1 Agosti, siku nane tu baadaye, ikatangazwa Ebola ya Kivu Kaskazini. Siku nane! Ungetaka tufikiri nini? Watu walisema wazi: "Bameileta na ndege. Kule imekwisha, pesa imekwisha, sasa banataka ingine huku." Tusidanganyane, na sisi tulisema. Tulikuwa tumeona watu wakichinjwa miaka minne bila gari moja kuja kutusaidia, halafu kwa Ebola magari yakaja mengi mpaka yakafunga barabara. Desemba mwaka ule, uchaguzi ulipoahirishwa Beni na Butembo kwa sababu iliyotajwa ya Ebola na usalama, huku nchi karibu yote ikipiga kura, maneno yakawa moto. Kituo cha wagonjwa Beni kilishambuliwa. Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, Mkameruni, aliuawa Butembo akiwa kazini. Hatuandiki haya kwa kujivunia.

Lakini jenomu zilisema nini? Maabara ya taifa, INRB ya Kinshasa, inayoongozwa na Muyembe yuleyule wa Yambuku, ilisoma virusi vya mwanzo vya Kivu na kuviweka kando ya vile vya Équateur. Havikunakiliana. Ni "madaftari" mawili, yaliyotoka msituni kila moja kwa njia yake. Tena ugonjwa wa kwetu ulikuwa umeshaanza wiki kadhaa kabla ya kutangazwa, wakati ule wa Équateur bado unaendelea. Basi hakuna ndege iliyouleta. Hasira yetu ilikuwa na sababu zake nyingi, ila hii moja haikuwa ya kweli.

Kazi hiyo haikuishia hapo. Mpaka Aprili 2020 INRB ilikuwa imesoma jenomu 744 za mlipuko wa Kivu, na matokeo yalikuwa yanarudishwa kwa watu wa riposti ili wajue mnyororo upi umetoka kwa upi. Uamuzi ulitolewa pia kwamba sampuli zibaki Kongo, na wageni wanaotaka kuzifanyia utafiti waje Kongo. Wapo waliolalamika. Sisi tunaona Muyembe alikuwa na haki, maana mtu aliyeona damu ikiondoka na chupa ya chai na majibu kurudi na majina ya watu wengine anajua anachosema. Na ile mAb114, dawa kutoka damu ya mtu wa Kikwit, ilijaribiwa kwetu mwaka 2018 na 2019 ikaonekana inaokoa watu wengi kuliko dawa nyingine zilizolinganishwa nayo, isipokuwa moja iliyokwenda nayo sambamba. Tunao kati yetu waliopona, wale tuliowaita washindi.

Na hapa kuna sehemu ngumu, ambayo tulibishana kama tuiandike. Mwishoni mwa 2019 mgonjwa mmoja aliyepona miezi sita kabla aliugua tena. Jenomu ya virusi vyake ilikuwa karibu sawa na ile ya mara ya kwanza, kwa hiyo hakuambukizwa upya, vilikuwa vimebaki mwilini vimelala. Kutoka kwake ulianza mnyororo wa watu 91. Februari 2021 Ebola ilipotokea Butembo tena, jenomu zilionyesha ni ukoo wa mlipuko uliokwisha 2020. Guinea nako, mwaka huohuo, vilirudi virusi vya ukoo wa ule mlipuko wa 2014, baada ya miaka zaidi ya mitano.

Mnaona hatari yake. Dada mmoja wa kundi letu, mshindi, alisema: "Mukiandika vile, kesho hakuna atakayekula kwangu." Tulikaa kimya. Halafu akasema tuandike, ila tuandike yote: kwamba ni nadra sana, kwamba kula pamoja na mtu aliyepona, kumsalimia, kukaa naye haileti Ebola, na kwamba wanaume waliopona hupimwa mbegu za kiume kwa miezi hadi zionekane safi. Mtu aliyepona anahitaji kliniki iliyo karibu, yenye muuguzi anayemjua. Yeye, tangu avuke mpaka, hajaulizwa na yeyote kama anahitaji kufuatiliwa.

Turudi Mubende. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023, baada ya wagonjwa 142 waliothibitishwa na 55 kati yao kufa. Chanjo tuliyochomwa sisi Beni haikufaa kule, kwa sababu ni ya aina ya Zaire. Hilo peke yake lingetosha kumwonyesha yeyote kwamba ugonjwa haukuwa wa kwetu, kama angetokea mtu wa kulisema kwa Kiswahili, kwa kipaza sauti, siku za kwanza. Matangazo tuliyoyasikia kambini yalituambia tunawe mikono. Tulinawa. Mama wa mandazi alikaa wiki tatu bila kuuza, akauza sufuria kubwa ili kulipa unga aliokopa.

Kama ulikuwa Mangina, Beni au Butembo wakati ule, na unakumbuka tofauti na tulivyoandika, tuandikie. Na kama kuna aliyemfahamu mtu wa familia ya Mayinga, tungependa kujua alikuwa mtu wa namna gani.