Usiku Usiojirudia: Kanda za Maonyesho ya Grateful Dead na Historia ya Kuhifadhi Muziki wa Jukwaani nchini Marekani

Utangulizi

Bendi ya Grateful Dead iliundwa katika mji wa Palo Alto, jimbo la California, mwaka 1965. Ilifikia kikomo mwaka 1995, baada ya mpiga gitaa na mwimbaji wake, Jerry Garcia, kufariki tarehe 9 Agosti. Katika miaka hiyo 30 ilipiga maonyesho zaidi ya 2,300. Kwa kipimo cha nyimbo zilizotamba, mafanikio yake yalikuwa madogo: wimbo mmoja tu, "Touch of Grey" wa mwaka 1987, ndio uliofika miongoni mwa nyimbo 10 bora nchini Marekani. Hata hivyo, ni bendi chache za zama zake ambazo kazi zake za jukwaani zimehifadhiwa kwa wingi kiasi hicho. Sehemu ya hifadhi hiyo ilitokana na mafundi wa bendi yenyewe. Sehemu nyingine ilitokana na watu wasiolipwa, waliobeba maikrofoni na mashine zao hadi ukumbini na kutumiana kanda kwa njia ya posta.

Makala hii inachunguza sababu za wasikilizaji kuthamini kanda ya usiku mmoja, aghalabu yenye sauti hafifu, ilhali santuri safi zilipatikana madukani. Inajengwa hoja kwamba mvuto wa kanda hizo ulitokana na tofauti ya kila onyesho na jingine, na kwamba tofauti hiyo ndiyo iliyougeuza ubadilishanaji wa mashabiki kuwa njia ya uhifadhi. Aidha, inaonyeshwa kwamba hifadhi iliyojengwa kwa hiari ya umma hubaki dhaifu endapo haina msingi wa makubaliano yaliyo wazi.

Wimbo mmoja, sura nyingi

Mfano wa wimbo "Dark Star" unatosha kufafanua jambo hili. Ulipotolewa kwenye santuri ndogo mwaka 1968, haukufikisha dakika 3. Katika albamu ya Live/Dead ya mwaka 1969, iliyorekodiwa mbele ya hadhira, wimbo huohuo ulichukua takriban dakika 23. Beti zilibaki chache. Kilichoongezeka ni mazungumzo ya ala, wapigaji wakibuni papo hapo, wakisikilizana na kufuatana bila kujua mapema watakapoishia. Msikilizaji wa muziki wa dansi wa Afrika Mashariki na Kongo anaifahamu tofauti hiyo kati ya wimbo uliobanwa kwenye santuri na ule unaorefushwa ukumbini wachezaji wanapopamba moto.

Bendi hii iliifanya hali hiyo kuwa desturi. Orodha ya nyimbo ilibadilika usiku hadi usiku, na wimbo uliopigwa Jumanne ungeweza kupigwa tena wiki iliyofuata kwa mwendo mwingine, ukiunganishwa na wimbo mwingine pasipo kituo. Hivyo, aliyesikiliza kanda mbili za wimbo mmoja hakusikia marudio. Alilinganisha. Alipima ni usiku gani wapigaji walielewana vizuri zaidi, ni wapi gitaa lilichukua njia isiyotarajiwa, na ni wapi mwimbaji alisahau maneno. Kasoro nazo ziliingia katika thamani ya kanda, kwa kuwa zilithibitisha kwamba jambo hilo lilitendeka kweli, mbele ya watu, bila kusahihishwa studioni. Sauti za hadhira zilizosikika katika kanda zilizorekodiwa ukumbini zilikuwa na kazi hiyohiyo ya ushahidi.

Kutokana na ulinganishaji huo lilizaliwa hitaji la kumbukumbu sahihi. Kanda ilitambuliwa kwa tarehe, mji na ukumbi kabla ya kutambuliwa kwa majina ya nyimbo. Mwaka 1987 kilichapishwa kitabu cha DeadBase kilichoorodhesha maonyesho na nyimbo zilizopigwa katika kila onyesho. Kwa mtazamo wa mwanahistoria, mashabiki hao walikuwa wakifanya kazi ya mtunza nyaraka: kubainisha asili ya hati, kulinganisha nakala na kusahihisha tarehe zilizokosewa.

Kutoka kificho hadi kibali

Ubadilishanaji ulitangulia ruhusa kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1971, Les Kippel alianzisha jijini New York kikundi cha kubadilishana kanda za bendi hii bila malipo, na mwaka 1974 likatoka jarida la Dead Relix lililowaunganisha wabadilishanaji wa miji mbalimbali. Wakati huo sheria yenyewe ilikuwa inabadilika. Sheria ya shirikisho ya hakimiliki nchini Marekani ilianza kulinda rekodi za sauti zilizofanywa kuanzia tarehe 15 Februari 1972. Kinga mahususi ya shirikisho dhidi ya kurekodi maonyesho ya muziki bila idhini ya wasanii ilikuja Desemba 1994.

Katika pengo hilo la kisheria, mashabiki walijitungia kanuni zao. Iliyo kuu ilikuwa kwamba kanda haiuzwi. Asiyekuwa na kanda ya kubadilisha alituma kanda tupu pamoja na gharama za posta, na mwenye nakala akamrekodia. Kanuni hiyo iliwatenganisha wabadilishanaji na wauzaji wa santuri haramu, na iliwapa wanamuziki sababu ya kuwavumilia. Ilikuwa pia na gharama ya kiufundi: kila kanda iliponakiliwa kutoka nakala nyingine, mchakacho uliongezeka, hivyo nakala iliyo karibu na kanda ya asili ilithaminiwa zaidi. Uhusiano wa kuaminiana ndio uliomwezesha mtu kuifikia.

Ruhusa rasmi ilikuja Oktoba 1984, katika maonyesho ya Berkeley, California, warekodi walipotengewa eneo lao nyuma ya mitambo ya sauti. Uamuzi huo husimuliwa mara nyingi kama tendo la ukarimu. Ukarimu ulikuwamo, lakini palikuwa pia na tatizo la kawaida la ukumbi: vishikio vya maikrofoni vilivyosimamishwa mbele ya fundi vilimzuia kuona jukwaa. Kutenga eneo kulimaliza ugomvi huo, kukaitambua desturi iliyokwisha kukita mizizi. Kwa maneno mengine, kanuni ilifuata matumizi, na kwa sababu hiyo ilitekelezeka.

Kanda zilizopigwa mnada

Sambamba na warekodi wa ukumbini, walikuwapo mafundi wa bendi waliorekodi moja kwa moja kutoka kwenye mitambo. Miongoni mwao alikuwa Betty Cantor-Jackson, ambaye kanda zake za miaka ya 1970 zinasifika kwa usafi na uwiano wa sauti. Mwaka 1986, kanda zake nyingi zilizokuwa katika ghala la kukodi zilipigwa mnada kwa sababu ya malimbikizo ya kodi. Baadhi ya wanunuzi waliruhusu zinakiliwe, na nakala zikaingia katika mzunguko wa wabadilishanaji.

Kati ya kanda za fundi huyo, mashuhuri zaidi ni ile ya tarehe 8 Mei 1977, iliyorekodiwa katika ukumbi wa Barton Hall wa Chuo Kikuu cha Cornell. Onyesho hilo liliingizwa katika orodha ya taifa ya rekodi za sauti inayosimamiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani, katika uteuzi wa mwaka 2011. Albamu rasmi ilitolewa Mei 2017, miaka 40 baada ya onyesho lenyewe. Mfuatano huo una funzo. Taifa liliitambua rekodi hiyo kuwa urithi kabla haijatolewa rasmi kibiashara, kwa kuwa umma ulikwisha kuifahamu kupitia nakala za mkono kwa mkono. Lakini urithi huohuo ulikuwa umekaribia kupotea kwa deni la ghala.

Mgogoro wa mwaka 2005

Intaneti iliondoa gharama ya posta na mchakacho wa nakala. Mwaka 2002 maktaba ya kidijitali ya Internet Archive ilianzisha mkusanyiko wa muziki wa jukwaani, na maelfu ya rekodi za Grateful Dead zikapatikana humo bure. Novemba 2005, kwa matakwa ya upande wa bendi, upakuaji wa rekodi hizo ulisitishwa. Mashabiki walilalamika vikali, na mpiga gitaa la besi, Phil Lesh, alijitenga hadharani na uamuzi huo. Muda mfupi baadaye ulifikiwa mwafaka: rekodi za ukumbini zilirudishwa kwa upakuaji, na zile za mitamboni zikabaki za kusikilizwa tu.

Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Bendi ilikuwa imekwisha kuvunjika, na chanzo chake kikuu cha zamani, tiketi za maonyesho, hakikuwapo tena; tangu mwaka 1993 ilikuwa ikitoa albamu za maonyesho kutoka hazina yake kupitia mfululizo wa Dick's Picks. Mashabiki kwa upande wao waliona kwamba kanda walizozirekodi, kuzinakili na kuziorodhesha kwa miongo mitatu haziwezi kuondolewa kwa amri ya siku moja. Udhaifu ulionekana wazi: ruhusa ya mwaka 1984 ilihusu kurekodi ukumbini, na haikueleza nani angekuwa na haki gani baada ya bendi kukoma.

Hitimisho

John Perry Barlow, mtunzi wa mashairi ya nyimbo za bendi hii, aliandika katika jarida la Wired mwaka 1994 kwamba kuruhusu kurekodi kuliongeza mahitaji ya muziki wao. Hoja hiyo ina uzito, lakini haifai kuhamishwa bila tahadhari. Grateful Dead ilijipatia riziki kwa kujaza kumbi. Mwanamuziki anayetegemea mauzo ya rekodi, au anayelipwa ujira mdogo kwa onyesho, hawezi kubeba mzigo huo kwa ajili ya uhifadhi wa taifa.

Kinachoweza kuhamishwa ni mambo matatu. Kwanza, muziki wa kubuni papo hapo hauhifadhiki kwa kutunza rekodi moja ya studio. Sera ya urithi inayohesabu nyimbo bila kuhesabu maonyesho inaacha nje sehemu kubwa ya kazi. Pili, nakala nyingi zilizosambaa ni kinga bora kuliko kanda moja iliyofungiwa, na mnada wa mwaka 1986 ni ushahidi. Tatu, ruhusa ya kurekodi inapaswa kuandikwa ikiwa na sharti la kutouza, haki ya msanii kunufaika, na hatima ya rekodi baada ya msanii kustaafu au kufariki. Mashabiki wa Marekani walifanikisha mawili ya mwanzo kwa mapenzi yao tu. La tatu halikushughulikiwa mapema, na gharama yake ilijitokeza mwaka 2005. Taasisi inayoanza leo kukusanya muziki wa jukwaani ina nafasi ya kuanza na hilo.