Chini ya Rangi ya Bluu: Kwa Nini Mkweche wa Babu Unakula Hela

Gereji ilikuwa chini ya mwembe, hapa Ngara. Fundi wa bodi alichukua msasa wa maji akasugua sehemu ndogo, kama kiganja hivi, ubavuni mwa Land Rover ya marehemu babu. Hakuwa na nia ya kutufundisha historia, alitaka tu kujua atutoze kiasi gani. Bluu ikaisha, ikatokea nyeupe. Nyeupe ikaisha, ikatokea kijani kizito chenye michirizi ya brashi. Hapo akaacha kusugua, akamgeukia baba mdogo: "Mzee, hapa kazi ipo." Bei aliyoitaja asubuhi ikapanda mara mbili.

Baba mdogo alikuja juu. Kwake yeye gari ni lile lile na rangi ni ile ile ya bluu, sasa nyongeza ya nini? Mimi ninayesoma kemia nilipewa kazi ya kuamua kama tunaibiwa. Nilirudi na jibu ambalo hakulipenda: fundi ana haki. Tunachodaiwa kina miaka zaidi ya arobaini.

Tuanze na hesabu, maana wengi hudhani hela inaishia kwenye rangi yenyewe. Land Rover ndefu ina urefu wa mita 4.4 hivi. Toa vioo, jumlisha pande zote, unapata eneo la kupaka la karibu mita za mraba 20. Tabaka la juu likishakauka huwa na unene wa kama mikroni 50, yaani sehemu ya 0.05 ya milimita, jembamba kuliko unywele wa wengi wetu. Zidisha: rangi inayobaki juu ya gari ni lita moja tu! Lakini karibu nusu ya kilichomo kwenye kopo ni kimiminika kinachopaa hewani, kwa hiyo unahitaji lita mbili. Halafu chombo cha kupulizia cha kizamani, kile cha presha kubwa, hufikisha kwenye bati kama theluthi ya rangi. Basi andaa lita sita, na ujue kwamba nne kati ya hizo zinaishia kwenye migomba ya jirani na kwenye mapafu ya anayepuliza.

Hata hizo lita sita si kitu mbele ya siku za kusugua, kunyoosha, kuchomelea na kupiga puti. Kupuliza kwenyewe ni kazi ya siku moja au mbili. Kazi ni kuufikia mwili wa gari, na njia ya kuufikia inapita katikati ya historia.

Chini kabisa kuna alumini. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, wakati Uingereza ikiwa bado na mgawo wa chuma baada ya Vita Kuu ya Pili. Kiwanda cha Rover kikaamua kutengeneza bodi kwa mchanganyiko wa alumini na magnesi, na chuma kikabaki kwenye chesisi na sehemu chache zinazobeba mzigo. Kijani kile cha mwanzo nacho inasemekana kilitokana na akiba ya rangi za jeshi iliyobaki vitani. Yaani gari ambalo huku kwetu lilikuja kuwa sura ya serikali, misheni na bwana shamba, lilizaliwa kutokana na upungufu.

Upungufu wa pili ni wetu wenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, vita ikaendelea hadi 1979, na mwaka huo huo mafuta yakapanda bei duniani. Kufikia miaka ya mwanzo ya 80 nchi haikuwa na fedha za kigeni, na anayekumbuka foleni za sabuni hahitaji kusimuliwa. Rangi ya gari ungeitoa wapi? Babu alitafuta rangi ya mafuta ya kupakia milango ya nyumba, akashika brashi, akapaka. Ndiyo ile michirizi.

Na hapo ndipo bei inapopandia. Rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani polepole, na molekuli zake zinashikana kuwa wavu. Ni wavu mgumu, lakini haupatani na tina kali. Ukipuliza juu yake rangi ya kisasa, tina inapenya, ile ya chini inavimba, halafu uso mzima unajikunja kama utando wa maziwa ya moto. Kwa hiyo ni ama kuikwangua yote, ama kuifunika kwa praima maalumu ya kuitenga. Fundi alipoona ile michirizi alijua hivyo bila kusoma kemia popote.

Nyeupe je? Wa Ngara hawahitaji kuuliza. Tarehe 28 Aprili 1994, ndani ya saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kuliko mji wowote tuliokuwa nao huku. Mashirika yakaja, na magari yao yalikuwa meupe. Mwenye gari la kukodisha naye akalipaka jeupe. La babu lilibeba unga na dawa kati ya Benaco, Rulenge na Biharamulo, na bibi anasema lilibeba pia watu ambao hawakufika. Bluu ilikuja baadaye, nadhani kwa sababu babu hakutaka tena kuliona likiwa jeupe. Hakuwahi kusema.

Alumini haishiki kutu, na watu wanapenda kulisema hilo kana kwamba ndilo neno la mwisho. Lakini inapogusana na chuma kwenye unyevu, zile metali mbili zinageuka kuwa betri ndogo. Alumini inatoa elektroni na kuliwa, na dalili yake ni unga mweupe kwenye maungio ya milango. Chuma cha chesisi kina taabu yake. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilikotoka, angalau mara mbili, hivyo inaisukuma rangi kutoka ndani. Ukiona rangi imetoa malengelenge, jua chini yake kumeshaharibika.

Kuna jambo lililonichekesha kidogo. Ule wekundu wa vumbi la barabara zetu unatokana na oksidi za chuma, ndugu wa kutu. Na ile praima nyekundu anayopaka fundi kwenye chesisi, inayoitwa redoksaidi, rangi yake ni oksidi hiyo hiyo, ambayo haiwezi kuoza tena kwa sababu imeshaoza. Kaskazini mwetu, huko Buhaya, wafua chuma walikuwa wakiyeyusha mawe yenye oksidi kupata chuma yapata miaka 2,000 iliyopita. Peter Schmidt na Donald Avery waliandika habari zao katika jarida la Science mwaka 1978, mwaka ule ule wa vita. Wao walikuwa wakitoa chuma kwenye kutu. Sisi tunamlipa fundi akirudishe nyuma kidogo tu.

Kuna gharama moja ambayo haikuandikwa kwenye karatasi ya fundi. Kijana anayepuliza alikuwa amejifunga kitenge mdomoni. Rangi nyingi za kisasa za kuchanganya makopo mawili zina isosayaneti, kemikali inayojulikana kuwa chanzo kikubwa cha pumu kwa wapulizaji rangi. Kitenge hakiizuii, na barakoa ya vumbi haiizuii. Kinachofaa ni kifaa kinacholetewa hewa safi kwa bomba. Na rangi za zamani nyingi zilikuwa na risasi, ndiyo maana kusugua kukavu ni hatari na msasa wa maji ni bora. Nilimuuliza yule kijana kama huwa anakohoa usiku. Akacheka, akasema ni baridi ya Ngara.

Tuligombana jioni nzima. Baba mdogo alitaka ling'ae kabla ya harusi ya binti yake. Bibi, aliyekuwa kimya muda wote, aliuliza swali moja: mkishakwangua yote, ile nyeupe itakwenda wapi?

Tumekubaliana hivi. Hela iliyopo inakwenda kwanza kwenye chesisi, na gari litaendelea na sura yake ya sasa hadi baada ya mavuno ya kahawa. Likija kupakwa, rangi itakuwa ya kopo moja, isiyo na isosayaneti, hata kama haitang'aa sana. Na ile sehemu ya kiganja ubavuni, yenye bluu, nyeupe na kijani cha brashi, fundi ameambiwa aizungushie gundi ya karatasi asiiguse. Amesema gari litaonekana kama lina kidonda. Bibi amesema sawa.