Bado Tunatembea kwa Ramani ya 1948

Siku za kazi natoka Pipeline saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nakata ndani ya Mukuru kwa Njenga, napitia kwa Reuben, na kama mvua haijanyesha nafika Enterprise Road kabla ya saa moja. Sifanyi mazoezi. Ni vile nauli ya mathree asubuhi na jioni, siku tano kwa wiki, ingekula nusu ya kodi ya keja yangu. Na siko peke yangu. Tunapishana kwa mabega kwenye vijia vile, wengine na viatu vya kazi mkononi ndani ya karatasi ya plastiki. Kwa miaka mingi tafiti za usafiri zimekuwa zikikuta kwamba safari kama nne kati ya kila kumi jijini Nairobi ni za miguu.

Zamani nilikuwa nasema kama kila mtu: hii tao haikupangwa. Halafu nikapata nakala ya mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1948, nikakaa nao wikendi nzima, na tangu hapo siwezi kusema hivyo tena. Nairobi imepangwa, tena mara kadhaa.

Turudi nyuma kidogo. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwisho wa Mei 1899, na wahandisi wakaweka bohari yao kwenye tambarare yenye majimaji kabla ya njia kuanza kupanda kuelekea Kikuyu. Ilikuwa mahali pazuri pa kupanga mabehewa. Kama mahali pa kujenga mji, palikuwa pabaya. Upande wa magharibi kulikuwa na vilima na udongo mwekundu unaonyonya maji, na huko ndiko maafisa na walowezi walikojenga. Mashariki kulikuwa na udongo mweusi, ule unaovimba ukinyeshewa na kupasuka jua likiwaka. Wafanyakazi wakaachiwa huko. Tauni ilipozuka mwaka 1902, soko la Wahindi lilichomwa moto. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson akaandika ripoti iliyopendekeza kila kabila la watu liwekwe mahali pake, kwa jina la afya. Kwa hiyo ukiona Eastlands inafurika kila Aprili na Lavington haifuriki vile, usilaumu mawingu.

Sasa huo mpango wa 1948. Uliandikwa na watu watatu kutoka Afrika Kusini: L. W. Thornton White, L. Silberman aliyekuwa mwanasosholojia, na mhandisi P. R. Anderson. Wakati huo mji ulikuwa na watu kama 119,000. Nakiri kitabu chenyewe ni kizuri, kina michoro safi na sentensi za watu wenye uhakika. Kuhusu ubaguzi wa rangi, waandishi wanajitoa kwa adabu: wao ni wataalamu tu, wanapima mahitaji ya binadamu. Kisha unageuza kurasa na kuona mitaa ya wafanyakazi Waafrika imepangwa palepale mashariki, kando ya reli na viwanda. Kila mtaa ungekuwa na shule yake, uwanja wake na maduka yake, watu wasilazimike kuvuka barabara kubwa. Wazo hilo lilitoka Marekani, kwa Clarence Perry, miaka ya 1920. Kule lilibuniwa ili mtoto afike shule bila kugongwa na gari. Huku lilifanya na kazi nyingine ya ziada: mfanyakazi afike kazini kwa miguu, arudi kwa miguu, na asiwe na sababu ya kuonekana mahali pengine.

Babu yangu alikuwa mmoja wa hao. Alikuja miaka ya 1950, akapata kazi ya reli na chumba kimoja Makongeni. Bibi alibaki shamba, kwa sababu chumba kilihesabiwa kwa mfanyakazi, si kwa familia. Babu alitembea hadi karakana kila asubuhi, kingʼora kikilia yuko langoni. Nilipomuuliza alitumia nauli kiasi gani alicheka. "Nauli ya nini, mjukuu wangu? Reli ilinilaza pale ilipotaka kuniamsha."

Nimeifikiria sana kauli hiyo. Wakoloni walijua kitu ambacho sisi tumekisahau, kwamba suala la mtu analala wapi na suala la anafikaje kazini ni suala moja. Walilijibu kwa ukatili, lakini walilijibu kwa pamoja.

Baada ya uhuru vizuizi viliondoka na watu wakaja. Kufikia sensa ya 1969 tulikuwa zaidi ya 500,000. Nyumba zikasogea mbali, lakini kazi zikabaki palepale: katikati ya jiji na Industrial Area. Mwaka 1973 ukatoka mkakati mpya wa ukuaji wa jiji hadi mwaka 2000, nao ulisema jambo la busara, kwamba kazi na huduma zitawanywe zifuate watu. Mwaka huohuo Rais Jomo Kenyatta akatangaza kwamba matatu ziruhusiwe kubeba abiria bila leseni maalum ya usafirishaji. Hadi hapo Kenya Bus ndiyo iliyokuwa na haki ya njia za jijini, na basi zake hazikutosha.

Ukiniuliza ni hati ipi kati ya hizo mbili ilijenga Nairobi tunayoijua, sitasita. Mkakati ulikaa kabatini. Dandora ilijengwa, viwanja 6,000 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na mama yangu alikulia huko, lakini viwanda vilivyopaswa kuwafuata watu huko mashariki havikuja ilivyotarajiwa. Matatu nazo zilifuata watu popote walipojenga. Makanga akawa ndiye mpangaji wa jiji: akiona watu wamejaa mahali, anafungua steji. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani walipochora ramani ya njia za matatu, walizunguka wakiwa na simu na kurekodi kila kituo, kwa sababu hakukuwa na ramani rasmi ya kunakili. Fikiria hilo. Zaidi ya miaka 40 ya usafiri wa umma, na ramani yake ilikuwa kichwani mwa makanga.

Katiba ya 2010 ilipaswa kumaliza hayo. Jedwali la Nne linaipa kaunti mipango ya ardhi pamoja na usafiri wa kaunti, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakataza pesa za umma kutengwa nje ya mfumo wa mipango. Lakini barabara kubwa za kitaifa zilibaki kwa serikali kuu. Angalia Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa 2022. Sehemu yake inapita juu ya Uhuru Highway, na Uhuru Highway nayo ilijengwa mahali ilipopita reli ya zamani ya kwenda Nakuru kabla haijahamishwa. Zaidi ya miaka 120, na bado pesa kubwa inafuata mstari uleule wa yule mhandisi wa mabehewa. Mimi siipandi. Naiona tu, nikiwa chini.

Kinachoniuma ni Mukuru, kwa sababu hapo karibu tufaulu. Agosti 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalum la mipango. Ni nyumba kama 100,000. Wakazi walijipanga katika vikundi vidogo vya majirani, wakakaa na wapangaji, wanasheria na watu wa vyuo, wakabishana juu ya maji, vyoo, shule na barabara. Kuhusu barabara waligundua kwamba upana wa kawaida wa sheria ungebomoa nyumba nyingi mno, hivyo mpango ukakubali njia nyembamba zaidi. Hiyo ndiyo mipango nilikuwa sijawahi kuiona kwenye kitabu chochote: barabara inapimwa kwa idadi ya watu watakaobaki.

Mapema 2020 mipango na usafiri vilitoka kwa kaunti vikaenda kwa serikali kuu, vyote viwili chini ya paa moja. Ningetegemea hapo ardhi na barabara zingeongea. Na kweli lami iliingia Mukuru, visima vikachimbwa. Kisha, mwisho wa 2021, matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kupanua barabara ya kuunganisha eneo hilo na Expressway. Maelfu ya familia walilala nje, wengine juu ya vifusi vya nyumba zao, miezi ya mvua. Eneo lilikuwa na mpango, na mpango ulikuwa na majina yao.

Napita hapo bado. Kuna mama anayeuza uji na mandazi kando ya ile ardhi iliyosafishwa. Tangu nimjue meza yake imehama mara tatu. Wiki iliyopita nilimuuliza kama amesikia lolote kuhusu barabara. Alinimiminia kikombe, akaonyesha kwa kidole cha mguu mstari aliouchora mavumbini.

"Kijana wangu, mimi sisikilizi tena. Nimehesabu hatua. Wakifika hapa, mimi nasonga pale kwa ule mlingoti. Wewe utanipata tu, si unapitanga kila siku?"