Kitabu gani cha hadithi kinamfaa mwanao? Mwongozo wa kuuliza, kuchagua na kupata vitabu vya watoto Musoma, Bunda na Butiama

Ukiingia duka la vitabu na vifaa vya shule mwezi Januari, iwe Musoma mjini, Bunda au Butiama, vinavyoonekana mbele ni madaftari, kalamu, vitabu vya kiada na vile vya maswali na majibu ya mitihani. Vitabu vya hadithi za watoto, kama vipo, hukaa rafu ya nyuma. Mzazi asipouliza, hataviona. Na akiuliza tu "mna kitabu cha mtoto?", huenda akapewa kisichomfaa mwanawe.

Makala haya yanaeleza namna ya kuuliza dukani, vitabu vipi vinafaa umri upi, nini cha kukagua kabla ya kulipa, na pa kwenda kama fedha haitoshi.

Kwa nini kitabu cha hadithi, wakati ana cha shule?

Kitabu cha kiada humfundisha mtoto kusoma. Kitabu cha hadithi humpa sababu ya kusoma. Mtoto aliyejifunza silabi darasani akakosa cha kusoma nyumbani husahau upesi, hasa wakati wa likizo.

Tatizo hili limepimwa. Utafiti wa Uwezo wa mwaka 2011 ulionesha kuwa wanafunzi takribani watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu nchini waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Tangu mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umewekewa mkazo kwenye KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na Mara ni miongoni mwa mikoa tisa ya programu ya Shule Bora. Lakini mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kumsikiliza kila mtoto akisoma kila siku. Sehemu hiyo ya kazi inabaki nyumbani.

Aina mbili kuu

Aina ya kwanza ni kitabu cha picha. Kina kurasa chache, na kila ukurasa una mchoro mkubwa na sentensi moja au chache. Picha hapa si pambo, kwani nusu ya hadithi imo ndani ya picha. Mtoto asiyejua kusoma bado anaweza "kukisoma" kwa kutazama na kusimulia.

Aina ya pili ni hadithi ndefu ya watoto, ambayo wengine huiita riwaya ya watoto. Ina sura kadhaa, picha chache au hakuna kabisa, na mhusika mkuu mara nyingi ni mtoto wa rika la msomaji. Hii ni ya mtoto ambaye tayari anasoma bila kuunganisha herufi moja moja.

Kosa linalotokea sana ni kuruka daraja. Mtoto wa darasa la tatu anapewa kitabu kinene kwa kuwa "ameshakua", anakwama ukurasa wa pili, kisha anaamini kwamba kusoma ni kazi ngumu.

Kipi kwa umri upi?

Awali (miaka 5 hivi): kitabu cha picha chenye maneno machache sana, au yanayojirudia. Tafuta picha za vitu anavyovijua, kama mbuzi, mtumbwi, jiko, mvua na soko.

Darasa la kwanza na la pili: kitabu cha picha chenye sentensi fupi na maandishi makubwa. Aweze kukimaliza kwa kikao kimoja.

Darasa la tatu na la nne: hadithi fupi zenye aya, picha kila baada ya kurasa chache, na tukio linalomfanya atake kujua kitakachofuata.

Darasa la tano na kuendelea: hadithi ndefu zenye sura. Hapa mtoto anaweza kusoma juu ya safari, upelelezi, maisha ya mjini au visa vya kale.

Kuna kipimo kimoja rahisi unachoweza kukifanya dukani. Fungua ukurasa wa katikati, mwambie mtoto asome kwa sauti, nawe kunja kidole kimoja kila anapokwama kwenye neno. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, kitabu hicho ni kigumu kwa sasa. Asipokwama hata mara moja, atakisoma kwa raha peke yake. Akikwama mara mbili au tatu, kinamfaa, ila awe na mtu wa kumsaidia.

Majina ya kuulizia

Mwuzaji husaidika sana ukimtajia mwandishi au mchapishaji. Haya ni baadhi ya majina yanayojulikana.

John Kilaka ni mwandishi na mchoraji wa Kitanzania aliyezaliwa Sumbawanga, anayechora kwa mtindo unaofanana na Tingatinga. Wahusika wake ni wanyama waliovaa nguo na kufanya kazi za watu. Kisa chake kimoja ni cha sokwe mvuvi anayepeleka samaki wabichi sokoni, na mbwa anayewavizia. Mtoto wa mwaloni hahitaji kuelezwa kwa nini samaki hao wasichelewe. Kingine ni cha panya na tembo marafiki, ambao urafiki wao unavunjika pale chakula kinapokuwa haba. Vitabu vyake vimetafsiriwa katika lugha nyingi duniani.

Elieshi Lema ameandikia watoto kwa miaka mingi na ni mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya uchapishaji ya E&D ya Dar es Salaam, ambayo ina vitabu vya watoto vya Kiswahili.

Mkuki na Nyota, kampuni iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991, ndiyo iliyotoa "Mwana Mdogo wa Mfalme", tafsiri ya Kiswahili ya kitabu maarufu cha Mfaransa Antoine de Saint-Exupéry. Kinamhusu rubani aliyeanguka jangwani na mtoto aliyetoka nyota nyingine. Kinafaa darasa la tano na kuendelea, na mtu mzima naye hufaidi.

"Adili na Nduguze" cha Shaaban Robert ni kifupi na kina ndugu wawili waliogeuzwa manyani, jini, na safari za ajabu. Kiswahili chake ni cha zamani kidogo, kwa hiyo ni vema kisomwe na mkubwa kwa sauti.

"Ndoto ya Amerika" cha Ken Walibora wa Kenya ni hadithi ya wavulana wenye hamu ya kwenda Marekani. Kinawafaa wanaokaribia kumaliza shule ya msingi.

"Watoto wa Mama N'tilie" cha Emmanuel Mbogo kinahusu watoto wa mama lishe wanaokosa shule na kuhangaika mitaani Dar es Salaam. Ni kitabu kizuri lakini kina mambo mazito, dawa za kulevya zikiwemo. Ni cha kijana wa miaka 13 na kuendelea, si cha darasa la nne.

Kwa vitabu vipya kabisa, ulizia washindi wa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Tuzo hizo zilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu, zikianza na riwaya na ushairi. Baadaye iliongezwa nafasi ya hadithi za watoto. Lengo mojawapo ni kuchapa kazi zinazoshinda na kuzifikisha shuleni, hivyo mwalimu mkuu naye anaweza kuulizwa.

"Hatuna" maana yake nini?

Mara nyingi utajibiwa "hatuna". Elewa hesabu ya mwuzaji. Daftari linaisha Januari hiyo hiyo. Kitabu cha hadithi kinaweza kukaa rafuni mwaka mzima huku mtaji umelala. Ndiyo maana analeta kile anachojua kitanunuliwa.

Tatizo hili ni la nchi nzima na si geni. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ukisaidiwa na shirika la CODE la Kanada, kwa sababu wachapishaji waliogopa kuchapa vitabu vya watoto vya Kiswahili visivyo na soko la uhakika. Mradi ulinunua sehemu ya nakala na kuzipeleka kwenye maktaba za shule, na mchapishaji akabaki na nyingine za kuuza madukani. Mnunuzi wa uhakika alipopatikana, vitabu vilichapwa.

Hesabu hiyo hiyo inafanya kazi kijijini. Wazazi watano au kumi wakikubaliana, wakaandika majina ya vitabu na kulipa kiasi cha awali, mwuzaji anaweza kuagiza Mwanza au Dar es Salaam na mzigo ukaja kwa basi. Kila familia ikinunua kitabu kimoja tofauti, kisha watoto wakabadilishana kila wiki mbili, bei ya kitabu kimoja inampa mtoto vitabu vitano au kumi vya kusoma. Daini risiti, na anayepokea oda aandike jina la kitabu, la mwandishi na la mchapishaji.

Kagua kabla ya kulipa

Tazama uchapaji. Wino uliofifia, kurasa zilizopinda maandishi au picha zenye ukungu ni dalili za nakala ya wizi. Mwandishi halipwi chochote kwa nakala hiyo, na mtoto anaumiza macho.

Tazama namba ya kitabu, ISBN, nyuma ya jalada. Huanza na 978. Ikifuatiwa na 9976 au 9987, mchapishaji ni wa Tanzania. Ikiwa 9966, ni wa Kenya. Kitabu cha Kenya si kibaya, ila kinaweza kuwa na maneno ambayo mtoto wa huku hajayazoea.

Tazama maudhui. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 katika shule na taasisi za elimu nchini kwa maelezo kwamba vinakiuka maadili, vikiwemo vya mfululizo wa "Diary of a Wimpy Kid" wa Mmarekani Jeff Kinney. Hilo liliwatia hofu baadhi ya wazazi kuhusu vitabu vyote vya hadithi. Dawa ya hofu hiyo ni kusoma. Kitabu cha picha kinasomeka chote palepale dukani kwa dakika tano. Kwa kitabu kirefu, soma ukurasa wa kwanza, wa katikati na wa mwisho. Kwa matumizi ya shule, uliza kama kina ithibati.

Na jiulize maswali haya pia: je, msichana katika hadithi hii anafanya jambo, au anatazama tu wengine wakifanya? Je, mtoto wa kijijini ameoneshwa kama mtu mwenye akili, au kama wa kuchekwa? Mtoto hujifunza hayo bila kufundishwa.

Mtoto asiyezungumza Kiswahili nyumbani

Nyumba nyingi za Mara zinazungumza Kijita, Kikwaya, Kizanaki, Kikurya, Kijaluo, Kiikizu au lugha nyingine. Mtoto wa nyumba hizo anapoanza shule anajifunza mambo mawili kwa pamoja, kusoma na Kiswahili chenyewe. Mwalimu Nyerere naye alipitia njia hiyo. Alitoka Butiama akizungumza Kizanaki, akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na miaka 12. Baadaye ndiye aliyetafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili.

Kwa mtoto huyu kitabu cha picha kina faida mara mbili. Tazameni picha, zungumzeni kwa lugha ya nyumbani, halafu msome maneno ya Kiswahili. Lugha ya nyumbani haimharibii kusoma. Inamsaidia kuelewa anachosoma.

Kama fedha haitoshi

Maktaba: Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ina maktaba ya mkoa Musoma. Uliza utaratibu wa uanachama wa watoto na wa kuazima. Shuleni, uliza kama kuna vitabu vya ziada vilivyofungiwa kabatini. Vipo shule nyingi, na hufungiwa kwa hofu ya kuchakaa. Kamati ya shule inaweza kukubaliana na mwalimu siku moja ya wiki ya kuazimisha, kwa daftari la kumbukumbu.

Simu: African Storybook ina hadithi nyingi za picha za bure, zikiwemo za Kiswahili, na programu yake inakuwezesha kupakua hadithi ukazisoma baadaye bila bando. TET nayo ina maktaba mtandao yenye vitabu vya shule. Pakua ukiwa mjini penye mtandao mzuri, msome nyumbani.

Kama mzazi hajui kusoma

Bado unaweza kumsaidia mwanao. Mwambie mtoto akusomee kila jioni kwa dakika kumi, kabla giza halijaingia au taa ikiwa imewaka. Kisha muulize maswali matatu: Nani yumo katika hadithi? Nini kimetokea? Wewe ungefanyaje? Akijibu vizuri, ameelewa. Akishindwa, mwambie arudie ukurasa. Bibi au babu mwenye ngano zake naye amalizie kwa hadithi moja ya kwao. Mtoto anayezoea kusikiliza hadithi ndiye anayejua cha kutafuta anapofungua kitabu.

Ukienda dukani, nenda na mtoto. Mtajie mwuzaji darasa lake, anachokipenda na kitabu cha mwisho alichomaliza. Kama ndiyo mara ya kwanza, anzeni na kitabu chembamba chenye picha. Akikimaliza, atakuja mwenyewe kuuliza cha pili.