Kutoka Emily hadi Scratch: programu zinazojua kanuni za lugha ya kompyuta

BUTEMBO – Kijana wa Butembo ao Beni anayeanza kuandika programu za kompyuta hukuta vikwazo viwili: maneno ya Kiingereza, na alama moja iliyosahauliwa inayosimamisha kazi yote.

Kikwazo hicho cha pili ni cha zamani. Mwaka 1971, huko Marekani, Wilfred Hansen alitengeneza Emily. Mtumiaji hakuandika herufi moja moja. Alichagua vipande vinavyokubaliwa na kanuni za lugha. Ufaransa ilifuata na Mentor. Kisha Chuo Kikuu cha Cornell kikafundishia wanafunzi kwa programu ya Tim Teitelbaum na Thomas Reps, waliyoieleza mwaka 1981.

Wataalamu wengi waliona njia hiyo inawabana. Wanaoanza iliwafaa. Mwaka 2007, chuo cha MIT kilitoa Scratch kwa ajili ya watoto: vipande visivyopatana havishikani.

Leo Scratch ina Kifaransa na Kiswahili, na ikishawekwa ndani ya kompyuta haihitaji intaneti. Kwa familia zilizohama vita, hilo si jambo dogo. Shule ikifungwa, kompyuta moja yenye moto wa kutosha inaweza kumwendeleza mtoto, kwa lugha anayoisikia sokoni na redioni.