Kuwamba: Kitambaa Kinapovikwa Ukutani na Darini

Kuna dari ambazo katikati hazina msumari hata mmoja. Fundi huzishika pembeni tu, kuzunguka kuta nne, na sehemu nyingine yote ni kitambaa au plastiki nyembamba iliyokazwa mpaka haina hata kunyanzi moja. Kuta nazo huvikwa hivyo hivyo. Kazi hii imeenea Ufaransa, Urusi na kwingineko Ulaya, lakini kwa Kiswahili jina lake halijatulia. Mtafsiri wa mwongozo wa fundi, tangazo la duka au hati ya hataza hujikunia kichwa, kisha huandika “kitambaa kilichonyooshwa”. Msomaji wa Dar es Salaam akikutana na maneno hayo, anachokiona ni nguo iliyopigwa pasi.

Istilahi nzuri hutokana na kuielewa kazi yenyewe. Kwa hiyo tuitazame kazi kwanza, jina litafuata.

Tuanze na ukuta. Katika majumba ya kifalme ya Ufaransa ya karne ya 18, kuta za vyumba vya heshima zilivikwa hariri, na vyumba vingine vilikuwa na seti mbili, ya kiangazi na ya baridi, zilizobadilishwa kwa msimu. Hariri ya chumba cha Malkia Marie-Antoinette huko Versailles ilifumwa upya na wafumaji wa Lyon kwa kufuata seti yake ya kiangazi, na chumba kikarejeshwa katika sura hiyo mwaka 1975. Kitu cha kubadilishwa kwa msimu hakiwezi kubandikwa kwa gundi. Lazima kishikwe kingoni, kwa namna itakayoruhusu kukitoa.

Fundi wa kazi hii huanza kwa kupigilia papi ukutani: juu, chini, pembeni, na kuzunguka kila mlango, dirisha na swichi. Ndani ya fremu hiyo hutandaza blanketi laini, likiishia pale papi zinapoanza, ili kuficha mabonde ya lipu na kupunguza mwangwi. Vipande vya kitambaa vimekwisha kushonwa kuwa shuka moja la kutosha ukuta mzima. Hapo ndipo ujanja ulipo. Shuka huwekwa kinyume, uso ukielekea ukutani na sehemu yake kubwa ikiwa imeinuliwa juu. Ukingo wake hupigwa pini za stepla kwenye papi ya juu, kisha juu ya pini hizo hulazwa ukanda mwembamba wa kadibodi ngumu na kupigwa pini tena. Shuka likiangushwa, pini na kadibodi zote hubaki nyuma yake, na kule juu huonekana mstari mmoja ulionyooka. Kisha fundi hulivuta chini, akianzia katikati kuelekea pembeni, na kingo zilizobaki wazi huzifunika kwa utepe.

Dari ni mtihani mwingine, kwa sababu huko uzito wa kitambaa wenyewe unampinga fundi. Barrisol, kampuni ya Kembs katika eneo la Alsace, Ufaransa, inahesabu mwanzo wake mwaka 1967, na ni miongoni mwa walioieneza dari ya plastiki ya PVC. Karatasi yake ina unene wa milimita 0.18 hivi, na mita moja ya mraba haizidi sana robo kilo. Kiwandani hukatwa ndogo kuliko chumba kwa asilimia kadhaa, kisha ukingoni mwake huchomelewa ukanda mgumu wenye ndoano. Fundi hufunga reli ya alumini kuzunguka kuta, huwasha hita ya gesi, na joto likipanda karatasi hulegea na kuvutika. Hushika kona moja, halafu ile inayoitazama kwa mshazari, halafu zile mbili zilizobaki, na mwisho husukumia ukingo wote ndani ya reli. Karatasi ikipoa hutaka kurudi kwenye udogo wake. Reli inaikatalia, ndoano inazidi kung'ang'ania, na dari inakazika.

Kitambaa cha poliesta kilichopakwa poliyurethani hakihitaji moto. Hukatwa kikiwa kikubwa kuliko chumba, husukumwa kwa skrepa kwenye meno ya reli kuanzia katikati ya kila ukuta kuelekea pembe, na ziada hukatwa mwishoni. Katika njia zote hizi, kinachouzwa hasa ni mkazo. Shuka la dari lililoshikwa kingoni haliwezi kuwa bapa kabisa. Katikati litashuka kidogo. Ukiongeza mkazo mara mbili, mshuko hupungua kwa nusu. Upana wa chumba ukiongezeka mara mbili bila mkazo kubadilika, mshuko huwa mara nne. Ndiyo maana kumbi pana hugawanywa kwa reli za katikati. Mkazo wote huo huishia kwenye skrubu za reli, ukizivuta kuelekea ndani ya chumba. Ukutani penye lipu inayomumunyika, reli itang'oka kabla kitambaa hakijachanika.

Sasa turudi kwenye jina. Masharti ni matatu: pawe na kitu chembamba, pawe na fremu, na kitu hicho kikazwe na kushikizwa kwenye fremu. Neno lisilobeba yote matatu halitufai.

Kunyoosha tumekwisha kukuona kulikotufikisha. Kutandaza kunataja kitu chembamba na eneo, lakini hakuna mkazo. Mkeka umetandazwa na hakuna aliyeukaza. Kutundika na kuangika kunataja pa kushikia, nako mkazo haumo. Ukumbi wa harusi uliopambwa kwa satini darini umetundikwa satini, na mikunjo yake ndiyo urembo wenyewe. Kubandika ni kwa karatasi na gundi. Kuvuta kunataja mkazo peke yake, bila fremu.

Wapo watakaopendekeza chandarua, na hoja yao si nyepesi. Kabla ya kuwa neti ya mbu, chandarua lilikuwa pia jina la kitambaa cha kufunikia juu, na asili yake ni India. Huko India, katika nyumba za Waingereza zilizoezekwa kwa nyasi, kitambaa kilikazwa chini ya paa ili kizuie vumbi na wadudu. Rudyard Kipling alijenga hadithi yake “The Return of Imray” juu ya kitambaa hicho: nyoka wanaishi juu yake, na siri ya mtu aliyepotea imefichwa hapo. Lakini leo chandarua kimechukuliwa na mapambano ya malaria, nasi hatuna haja ya kukipokonya kazi. Isitoshe, ni jina la kitu; hatuwezi kulinyambua tupate kitendo, mtendaji na utendaji.

Neno linalobaki ni kuwamba. Ngoma huwambwa: ngozi mbichi huwekwa juu ya mzinga, huvutwa pande zote, hushikizwa kwa vigingi, na ikikauka hujikaza. Hilo ndilo hasa linalotokea karatasi ya PVC inapopoa ndani ya reli yake. Moja hukazwa na kukauka, nyingine hukazwa na kupoa, lakini zote mbili hutaka kusinyaa na fremu haziruhusu. Methali nayo inatupangia maneno vizuri: kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Humo kuvuta ni hatua moja tu, kuwamba ni kazi nzima. Kitanda cha kamba nacho huwambwa. Na kiwambaza, ukuta wa miti na udongo, kimetokana na kitenzi hicho hicho. Kwa hiyo tunapoliingiza neno hili kwenye ujenzi, tunalirudisha lilikotoka.

Likinyambuliwa, linatosheleza karakana nzima. Kazi ni uwambaji, fundi ni mwambaji. Bidhaa iitwe dari ya kuwamba na ukuta wa kuwamba, kwa mtindo ule ule wa kiti cha kukunja, na maana itaeleweka bila maelezo marefu. Shuka lenyewe, likiisha kushikizwa, ni kiwambo cha dari au kiwambo cha ukuta. Kuwambua kutafaa kwa kulitoa, jambo ambalo mafundi hulifanya mara kwa mara wanapofuata waya au bomba linalovuja.

Kwa vifaa tusihangaike. Papi, reli, skrepa na stepla mafundi wanavitumia kila siku. Ukanda wenye ndoano, ambao Wafaransa huuita kwa jina la silaha ya kuvulia samaki wakubwa, tuuite ukingo wa chusa. Wavuvi wa pwani wanalo neno hilo tangu zamani, na ndoano yake hufanya kazi ile ile: huingia kwa urahisi na hukataa kutoka.

Kuna pingamizi moja la kujibiwa. Kiwambo tayari kina kazi katika biolojia, ambako ni utando unaotenganisha sehemu za mwili, na wasomaji wa riwaya za upelelezi wanakijua kiwambo cha sauti cha bastola. Je, hatutachanganya? Hapana, kwa kuwa hatuandiki kiwambo peke yake. Kiwambo cha dari hakimchanganyi mtu na kiwambo cha bastola, kama mguu wa meza usivyomchanganya na mguu wa mbuzi. Zaidi ya hayo, matumizi ya namna hiyo yanaonyesha kwamba wazo la kitu chembamba kinachoziba mahali limekwisha kuzoeleka, nasi tunalipanua kidogo tu.

Kwa hiyo wito wangu kwa watafsiri, wahariri na watungaji wa kamusi za ujenzi ni huu: mkiikuta kazi hii, andikeni kuwamba. Msiandike kunyoosha, na msitohoe neno la kigeni kabla ya kumuuliza mwamba ngoma.